Kola ya Karatasi ya Dawa

Karakana ya baba ya kushonea nguo iko ghorofa ya tatu, na kuifikia kuna ngazi arobaini na nane. Naijua idadi kwa sababu kwa miezi miwili nilipanda nyuma yake nikizihesabu kimoyomoyo. Kwenye ya kumi na sita baba alisimama na kuchungulia nje kupitia dirisha dogo, kama mtu anayetaka kujua kama mvua itanyesha. Kwenye ya thelathini na mbili alisimama tena, akainama, akafunga kamba za viatu. Baba havai viatu vya kamba.

"Umechoka, baba?" nilimuuliza siku moja.

"Nichoke na nini? Nakusubiri wewe. Unapanda kama kobe."

Mkono wake wa kulia ulikuwa kifuani, juu ya mfuko wa shati, kama anatafuta kalamu. Mfuko ulikuwa mtupu.

Jengo zima linamwita Milimita. Jina hilo alipewa na Fundi Saa, mzee anayetengeneza saa kwenye kibanda cha chini ya ngazi, baada ya baba kufumua pindo la suruali yake mara tatu kwa kosa ambalo mwenye suruali hakuliona. Baba hajawahi kuvaa nguo ya dukani. Husema nguo ya dukani imeshonewa mtu ambaye hayupo. Aliyeishona amewaza mrefu na mfupi, mnene na mwembamba, akawachanganya wote, na mwisho hakuna hata mmoja aliyepata nguo.

Mimi ananiita Sindano, kwa wembamba wangu na kwa kuwa, anavyosema yeye, mtu hajui kama nimo chumbani mpaka nimchome. Hilo la kuchoma ni utani wake. Sijawahi kumchoma mtu. Hata chuoni nilikuwa yule mwanafunzi anayeandika jibu pembeni mwa daftari huku mwingine akilisema kwa sauti na kupigiwa makofi. Nilipomaliza masomo nilikuwa nasubiri kazi ya maktaba, na katika kusubiri nikawa namsaidia baba kukata vitambaa.

Mama hakuhitaji kuhesabu ngazi. Aliuona ule mkono kifuani mara moja tu, wakati baba anabeba ndoo ya maji, akanyamaza siku nzima. Mama akinyamaza, ujue kuna jambo linaiva. Kesho yake akamwambia baba kwamba kuna daktari pale hospitali anataka kushonewa koti jeupe.

"Aje," baba alisema.

"Hana nafasi. Wagonjwa wamempanga foleni mpaka nje. Wewe nenda na futi yako."

Baba akaenda, mama na mimi nyuma yake. Akafika na futi shingoni, chaki mfukoni na daftari la vipimo kwapani. Daktari, mama mmoja mnene kiasi mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, alimtazama mama, mama akakonyeza, naye akaelewa. Akasimama akapimwa mabega, mikono na urefu, baba akiandika kila kitu kwa makini. Alipomaliza, daktari akasema, "Haya fundi, umenipima. Sasa kaa hapo nami nikupime."

"Unipime nini?"

"Vipimo vyangu havihitaji chaki."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona baba anageuza kichwa polepole kumtazama mama. Mama alikuwa anasoma tangazo la ukutani kuhusu kunawa mikono, na alilisoma lote.

Presha ilikuwa juu sana. Daktari akarudia kupima, ikawa ileile. Akamlaza, akamuwekea waya kifuani, mashine ikachora mistari kwenye karatasi. Akamuuliza kuhusu maumivu: yanakuja lini, yanaondoka lini, yakija yanakuwaje. Baba akasema hana maumivu. Mama akasema anayo. Baba akasema basi ni kama mtu amemkalia kifuani, ila si mtu mzito, na akisimama kidogo mtu huyo anaondoka.

"Moyo wako unapofanya kazi kubwa, kama kupanda ngazi, damu inayoufikia haitoshi," daktari alisema. "Ndiyo maana unalalamika. Na presha inauzidishia mzigo. Nitakupa dawa moja itakayosaidia pande zote mbili. Inaitwa nifedipini. Kuta za mishipa ya damu zina misuli, na misuli hiyo hukaza kalsiamu inapoingia ndani yake. Dawa hii inaweka walinzi milangoni. Kalsiamu inaingia kidogo, misuli inalegea, mshipa unapanuka. Presha inashuka, moyo unapata damu bila kuhangaika."

Baba alifikiri. "Kama mpira wa kiunoni. Umebana, unaulegeza."

"Hapo hapo."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo."

Daktari akacheka. Akasema kidonge ni kimoja kila asubuhi, asinywe juisi ya balungi kwa sababu inaifanya dawa izidi nguvu, asiiache ghafla hata akijisikia mzima, na maumivu yakimjia amekaa tu na yasiondoke, aje hospitali saa hiyohiyo bila kungoja mtu. Mengine yamo kwenye karatasi ndani ya boksi, aisome. Arudi baada ya wiki tatu.

Tulipofika nyumbani baba alivua futi shingoni. Hapo akasema, "Na koti?"

"Koti anataka kweli," mama alisema. "Mimi simdanganyi mtu."

Jioni ile mama akatangaza mambo mawili. La kwanza, maziwa ni marufuku, kwa sababu dawa inafukuza kalsiamu na maziwa yamejaa kalsiamu, hatuwezi kufukuza kwa mlango wa mbele huku tunakaribisha kwa mlango wa nyuma. La pili lilikuwa zito zaidi. Alikuwa amepata chumba cha chini nyuma ya duka la vifaa vya shule, hakina ngazi hata moja, na mwenye nyumba anataka jibu Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao.

Baba akaweka kikombe chake cha chai ya rangi mezani. "Meza yangu haipiti mlangoni."

Hilo ni kweli. Meza ya kukatia ilijengwa mle mle karakanani, kabla sijazaliwa, na seremala ambaye baba alimpa vipimo kwa milimita. Ni pana kama kitanda cha watu wawili, na imekaa chini ya madirisha matatu, mahali ambapo mwanga unaanguka sawasawa tangu asubuhi mpaka alasiri, hata uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi unauona. Kuitoa ni kuivunja. Mara moja moja nimemkuta baba, kazi zikiwa zimeisha, ameweka viganja viwili juu yake, hafanyi chochote.

"Itavunjwa, itajengwa nyingine," mama alisema. "Wewe ukivunjika nitakujenga na seremala gani?"

Baba akakizungusha kikombe. Mama naye akalegeza sauti. "Sikiliza, mume wangu. Nakupa mpaka Jumamosi hiyo. Ukipanda ngazi zote bila kusimama, bila kushika kifua, bila kufunga hizo kamba zako za kufikirika, tunabaki. Ukishindwa, tunahama na sitaki kusikia mlio."

"Na nani atakuwa mwamuzi?"

"Fundi Saa. Ana saa mia na hana huruma."

Wiki ya kwanza ya dawa nilitegemea nione nafuu. Nikaona mambo ya ajabu. Asubuhi, saa moja hivi baada ya kumeza, uso wa baba uliwaka kama ameinamia pasi ya mkaa. Kichwa kilimgonga, moyo ukamwenda mbio, akishika mkasi mkono unatetemeka, na siku moja alipoinuka ghafla kutoka kwenye cherehani ilibidi ashike ukingo wa meza. Halafu mchana, tukirudi kutoka kula, alisimama kwenye ngazi ya kumi na sita, tena kwenye ya ishirini na nne, ambayo zamani hakuwa akisimama.

"Dawa inafanya kazi," alisema akichungulia dirishani. "Inapambana. Usimwambie mama yako."

"Labda tumwambie daktari."

"Siku ya kurudi ikifika nitamwambia mwenyewe. Wewe Sindano, kaa kwenye kitambaa chako."

Nikakaa kwenye kitambaa changu. Sijivunii hilo.

Siku moja kabla ya kurudi hospitali, mteja alileta kitambaa cha waridi cha gauni la mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kola ya mviringo. Baba aliniambia nitumie kielelezo alichokwisha kukata, kipo juu ya rafu chini ya rula. Nikakichukua. Kilikuwa karatasi nyembamba, laini, isiyochanika hata ukiichoma pini nyingi, na imejaa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikaibandika kwenye kitambaa, nikashika mkasi, nikaanza kukata kuzunguka shingo. Mimi siwezi kuona maandishi nikayaacha. Nikasoma huku nakata.

Kwenye ukingo wa nje wa kola paliandikwa: *usikate, usiponde wala usitafune kidonge. Meza kikiwa kizi* na hapo ndipo mkasi wa baba ulipopita.

Nikasimamisha mkono. Baba alikuwa amempelekea mteja suti chini. Nikafungua mkebe wa vifungo, ambamo niliwahi kumwona akitia kidole asubuhi. Juu ya vifungo vya mfupa, vya shaba na vya plastiki, kulikuwa na nusu ya kidonge cha rangi ya waridi. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi mkubwa wa kukatia nguo, katikati kabisa, ukingo umenyooka kuliko wa kiwandani. Kando ya mkato, nilipoisogeza kwenye mwanga, niliona hata mstari mwembamba wa chaki. Alikuwa amekipima kwanza.

Aliporudi alinikuta nimekaa, nusu ile iko kiganjani mwangu. Hakukana.

"Ile ni dawa ya dukani," alisema. "Wameitengenezea mtu yeyote. Mimi si mtu yeyote, mimi nina kilo hamsini na nane. Kwa hiyo nimeikata. Nusu asubuhi, nusu jioni, ikae sawa pande zote mbili, kama mabega."

"Karatasi inasema usikate."

"Karatasi ipi?"

Nikamwonyesha kola. Akaivuta karibu na macho, akasoma, akaigeuza upande wa pili, akasoma tena. Niliona masikio yake yanabadilika rangi.

"Karatasi nzuri sana hii," alisema mwishoni. "Haichaniki."

"Baba."

"Kesho sitakata. Yameisha. Lakini usiniaibishe mbele ya daktari. Nimempima yule mama mabega, nimemshonea koti. Atanionaje? Fundi asiyejua kusoma karatasi ya boksi?"

Tukaenda, sisi watatu na koti jeupe kwenye mfuko. Daktari alilivaa palepale, akajigeuza mbele ya kioo cha sinki, akainua mikono juu na chini. Liliketi vizuri mpaka muuguzi aliyepita mlangoni akarudi nyuma kutazama. Baba akang'aa. Kisha daktari akampima, na uso wake ukabadilika.

"Presha bado inaruka. Na maumivu?"

"Kidogo tu," baba alisema.

"Unameza dawa kila siku?"

"Kila siku. Sijaruka hata moja."

"Basi hii dozi haitoshi. Nitaongeza, au nikuwekee dawa ya pili juu yake." Akavuta karatasi, akafungua kalamu.

Baba alitazama sakafu. Mama alitazama kalamu. Midomo yangu, kama kawaida yake, ilikuwa imefungwa kwa uzi. Nikaona kalamu inagusa karatasi. Nikatia mkono kwenye mkoba, nikatoa ile kola, nikaiweka juu ya meza ya daktari. Juu yake nikaweka nusu ya kidonge.

"Baba anakata," nilisema.

Maneno mawili tu, lakini nadhani yalisikika mpaka kwenye foleni.

Daktari akavaa miwani yake. Akaisoma kola kutoka shingoni mpaka ukingoni. Akakiinua kidonge, akaugusa ule mstari wa chaki kwa ukucha. Mabega ya koti jipya yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani, akaifuta kwa pindo, akavaa, akaitazama kola, akavua tena. Mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaelewa, hakucheka. "Umekata dawa na mkasi," alisema polepole, "wa kukatia suti."

"Niliufuta."

"Aliufuta," mama alimwambia daktari. "Tumshukuru."

Daktari akaacha kucheka, akasogeza kiti karibu na baba. "Fundi, nikuulize swali la kazi yako. Mtu akikuletea sweta kubwa, akasema ulipunguze, ulikate katikati. Utafanyaje?"

Baba akainua kichwa kama ametukanwa. "Sweta halikatwi. Limefumwa. Ukilikata tu linafumuka lote, linakuwa rundo la uzi."

Baba akaitazama ile nusu mezani. Nilimwona anaelewa, kidogo kidogo, kama mtu anayeona kosa lake kwenye nguo iliyokwisha kupigwa pasi.

"Limefumuka," alisema.

"Kila asubuhi na kila jioni," daktari alisema. "Kidonge hiki kimetengenezwa kitoe dawa taratibu, kidogo kidogo, saa ishirini na nne. Ukikikata kinaachia yote kwa mkupuo. Ndiyo maana uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakimbia. Halafu dawa inaisha mapema, na mchana unapanda ngazi huna kitu. Na mimi nilikuwa karibu kukuongezea, ungeenda kukata na hiyo, sijui ungeangukia wapi. Kosa lingine ni langu. Nilitakiwa kukwambia kwa mdomo, nikakuachia karatasi." Akanigeukia. "Wewe binti umefanya kazi yangu leo."

Nikatazama lile tangazo la kunawa mikono ukutani.

"Lakini daktari," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya fundi kwa fundi, "kama ni kubwa kwa mtu, mnafanyaje? Mnamwacha hivyohivyo?"

"Tunabadilisha saizi. Kuna vidonge vikubwa na vidogo vyake."

"Kuna saizi?"

"Ndiyo. Ya kwako ndiyo ndogo kuliko zote."

Mama sasa alicheka, na alipoanza hakuwa na mpango wa kuacha. "Milimita mzima," alisema, "anapunguza nguo ya mtoto."

Alipopata pumzi akamuuliza daktari kuhusu maziwa. Daktari akasema maziwa hayana kosa lolote, kalsiamu ya kikombe na milango ya misuli ni habari mbili tofauti, anywe tu. Baba akamgeukia mama. Wiki tatu za chai ya rangi zilikuwa zimeandikwa usoni mwake. Alinyoosha tu kidole kuelekea kola iliyokuwa mezani, kisha kumwelekea mama, na mama akasema sawa, sawa, tumekwisha kulingana.

Kuhusu ngazi, daktari alisema apande, kupanda ni kuzuri, ila aende kwa mwendo wake na akisikia kifua kinakaza asimame, shindano au si shindano. Mama akaahidi kwa niaba yake. Baba akaahidi mwenyewe, kwa sababu mama alimkanyaga mguu.

Tangu siku hiyo kidonge kilimezwa kizima, mbele ya mashahidi. Mama alifungua ukurasa mpya kwenye daftari la vipimo, jina la mteja akaandika *Mume*, na badala ya kifua, kiuno na urefu, akaweka presha ya asubuhi, maumivu, na vifundo vya miguu, kwa kuwa daktari alisema dawa hii huweza kuvimbisha vifundo. Presha alipimwa na muuguzi wa zahanati ya jirani. Vifundo alivipima baba mwenyewe kwa futi, kila asubuhi, kwa furaha ya mtu aliyepewa kazi anayoiweza. Siku ya tano akatangaza kwamba cha kushoto kimeongezeka milimita nane. Tukampigia daktari, akasema kwa kiasi hicho asiogope, ainue miguu anapokaa, na kikizidi aje. Baba akawa anashona huku mguu usiokanyaga cherehani umewekwa juu ya marobota ya kitambaa, kama sultani.

Uso uliacha kuwaka. Mkono ukatulia kwenye mkasi. Wiki ya kwanza dirisha la ngazi ya kumi na sita tulilipita bila kulichungulia, na mimi nyuma yake nikakosea kuhesabu kwa furaha. Kwenye ya thelathini na mbili bado alisimama. Wiki ya pili, Alhamisi, alisimama pale pale, lakini mkono haukuwa kifuani.

"Kifua?" niliuliza.

"Hakiumi. Nimesimama kwa mazoea. Nilikuwa nasubiri kianze kuuma, hakikuuma."

Jumamosi ikafika na jua lake. Fundi Saa alifunga kibanda, akatoka na saa ya mfukoni ya mteja, maana zake zote, alisema, zilikuwa wagonjwa. Mimi nilitumwa nitangulie kufungua mlango wa karakana, nikaufungua, kisha nikabaki pale juu nikichungulia chini kwenye uwazi wa katikati ya ngazi, nikiona vichwa vitatu. Mama alikuwa amebeba stuli.

"Ya nini hiyo?" baba alimuuliza.

"Ukizidiwa ukae. Nimemwahidi daktari."

"Umekuja kunitakia mabaya na kiti mkononi."

"Panda, mume wangu. Maneno utayamalizia juu."

Fundi Saa akasema, "Tayari. Na ukianguka, Milimita, angukia upande wa kushoto, kulia kuna ndoo yangu."

Baba akaanza. Hakukimbia, alipanda kwa mwendo wa mtu anayepiga mshono mrefu ulionyooka. Mkono wa kulia kwenye reli, wa kushoto umening'inia. Nilimsikia anaongea, na hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu kwa miezi miwili hakuwahi kuongea akipanda. Alikuwa anamweleza mama kuhusu suti ya mwalimu mkuu, jinsi bega moja lilivyo chini kuliko lingine, na jinsi alivyoliinua kwa kitambaa cha ndani bila mwenyewe kujua. Ya kumi na sita ikapita. Dirisha likabaki peke yake. Ya ishirini na nne. Mama alikuwa anajibu "ehee", kisha "ee", kisha hakujibu.

Ya thelathini na mbili. Nilishika reli. Baba aliweka mguu pale, akaweka mwingine, akapita. Hakuinama.

Nikasikia mlio wa mbao kugonga sakafu. Nikachungulia. Kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili mama alikuwa ameketi juu ya stuli, mkono mmoja kwenye goti, anapepea uso kwa ncha ya kanga.

"Nakuja," alisema. "Tangulia. Nakuja."

Baba aliendelea mpaka juu. Arobaini na sita, saba, nane. Alipita mbele yangu, akaingia karakana, akaweka viganja viwili juu ya meza yake chini ya madirisha matatu, akavuta pumzi moja ndefu, akaitoa. Kisha akageuka, akashuka ngazi kumi na sita mpaka kwa mama, akamwinamia.

"Unafunga kamba za viatu, mke wangu?"

"Nyamaza."

"Unaangalia kama mvua itanyesha?"

"Nimesema nyamaza. Nipe mkono."

Akampa mkono. Akachukua na stuli. Wakapanda pamoja taratibu, yeye akimhesabia kila ngazi kwa sauti, mama akimtukana kwa sauti ndogo, na nyuma yao Fundi Saa akitangaza kwamba mshindani amepanda mara moja na theluthi moja, na kwamba katika kazi yake ya miaka arobaini hajaona saa inayotembea hivyo baada ya kufunguliwa na mwenyewe kwa mkasi.

Mama alikalishwa kwenye kiti cha wateja, akapewa maji. Baba akatoa futi shingoni, akaishika kama daktari anavyoshika kipimo chake. "Jumatatu," alisema, "kuna daktari mmoja anataka kupunguziwa mikono ya koti. Hana nafasi ya kuja. Utanisindikiza."

Mama aliweka glasi ya maji chini. Alijua hila ile, ilikuwa yake. "Nitakuja," alisema. "Lakini najua."

"Ujue tu."

Simu ya mama ikaita juu ya meza. Ilikuwa mwenye nyumba wa kile chumba cha chini, anataka jibu lake. Mama akaitazama, bado anahema. Baba mikono yake ilikuwa imejaa stuli, anaigeuza kuipima, maana alikuwa ameshaamua kuishonea mto na kuirudisha pale kibarazani kwa ajili ya wateja. Wote wawili wakanitazama mimi.

Mimi huwa siongei na watu nisiowajua kwenye simu. Nikaichukua.

"Shikamoo," nilisema. "Naongea kwa niaba ya fundi. Chumba ni kizuri, tunashukuru sana. Lakini hatuhami. Meza yetu haipiti mlangoni."

Mwenye nyumba akasema hakusikia vizuri, laini inakatika. Nikasogea dirishani, penye mwanga, nikasema tena kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kibanda cha chini ya ngazi.